Mahindi Yaliyotengwa kwa Wageni

Saa moja na robo asubuhi lori la mchuuzi wa mahindi liliingia uwanjani kwetu Tlawi, likarudi kinyumenyume hadi karibu na mlango wa nyumba ya mama, likazima. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu redio ya mdogo wangu ilikuwa imemaliza taarifa ya habari, naye alikuwa anaizima ili kubana betri.

Ilikuwa miaka michache baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa. Mwaka huo mvua ilichelewa kuondoka. Tulivuna mahindi katika manyunyu, tukayaanika siku za jua na kuyakimbiza ndani siku za ukungu, na siku za ukungu zilikuwa nyingi kuliko za jua.

Mchuuzi alishuka na bambo mkononi, kile chuma chenye mfereji ambacho huchomwa kwenye gunia kutoa punje za kuangalia. Aliyapima magunia kumi na mawili yaliyopangwa karibu na mlango, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaona magunia matatu yaliyosimama peke yake kwenye kona ya giza, juu ya udongo, akalichoma la kwanza kabla hajaambiwa kitu. Punje zilizotoka zilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Alizinusa, akazirusha nje.

"Mama, haya yameota ndevu," alisema. "Lakini nitayachukua. Elfu tano kila gunia. Wateja wake wapo."

"Hayo siuzi," mama alijibu. "Hayo ni ya wageni."

Mchuuzi alicheka. "Wageni wako wamekukosea nini?"

Mama hakucheka. Alikuwa mpika pombe anayeheshimiwa tangu upande wetu hadi Endagikot, na hakuzoea kutaniwa na mtu mwenye bambo. "Ni ya pombe, baba," alisema. "Mahindi ya pombe hayana ubaya. Moto unamaliza kila kitu."

Mchuuzi aliahidi elfu kumi na tano kwa kila gunia zuri, akasema atarudi Jumamosi na fedha taslimu, akaondoka kwenda kwa jirani.

Naeleza jinsi tulivyofanya wakati huo, kwa sababu watoto wetu wa leo hawalijui jambo hili. Kila nyumba ilichambua mahindi yake baada ya kupukuchua. Zamani, wakati ushirika ulipokuwa mnunuzi pekee na bei ilikuwa moja, watu hawakuchambua sana. Soko lilipoachiwa huru wakaja wachuuzi wenye malori, na kila mmoja alichagua. Basi tukajifunza kuwachagulia mapema. Punje nzima na nyeupe zilienda gulioni. Zilizovunjika tulisaga tukala. Zilizoota kuvu hazikutupwa. Ziliwekwa kando kwa ajili ya pombe. Wazee wetu walikuwa wameiona njaa, na kumwaga mahindi kulihesabiwa kuwa aibu kubwa kuliko wizi. Kwa hiyo mazuri yalipanda lori na mabaya yalibaki nyumbani, na yale mabaya kabisa yalipewa watu tuliowaheshimu zaidi: majirani waliokuja kutusaidia kazi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Pombe ile ilikuwa na kazi yake maalumu. Mdogo wangu alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu, imebaki kuezekwa. Kwetu mtu haezeki peke yake. Anaita kitongoji, watu wanabeba mbao na mabati kutoka barabarani hadi mlimani, wengine wanapanda juu na nyundo, na mwenye nyumba anawapa pombe. Anayeita watu bila pombe, mwaka unaofuata ataita na watu hawatakuja. Tena mdogo wangu alikuwa ameahidi wakwe zake kwamba binti yao ataingia katika nyumba ya bati. Magunia mazuri kumi na mawili yalikuwa ndiyo mabati. Magunia mabaya matatu yalikuwa ndiyo pombe. Kila kitu kilikuwa kimeshapigiwa hesabu.

Asubuhi hiyohiyo nilikwenda kwenye mkutano wa zahanati. Nilikuwa mjumbe wa kamati yake, ingawa nimesoma hadi darasa la saba tu. Mengine nimejisomea mwenyewe, polepole, kwa kamusi niliyoinunua mnadani Katesh. Bwana afya wa wilaya alikuwa amekuja kukagua vyoo, akae siku mbili. Baada ya vyoo alitoa mfuko mdogo wa mahindi yenye kuvu, akauliza nani katika mkutano ana mahindi kama yale nyumbani kwake. Watu walitazamana. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Nani asiyekuwa nayo?"

Bwana afya akaeleza kwamba aina fulani ya kuvu hutoa sumu ndani ya punje. Anayekula sumu nyingi kwa mara moja anaweza kufa baada ya siku chache. Anayekula kidogokidogo kwa miaka, ini lake huharibika, na hatimaye anaweza kupata saratani ya ini. Wakati ule neno sumukuvu lilikuwa halijatufikia, yeye alisema tu "sumu ya kuvu."

Niliinua mkono. "Yakipikwa?"

"Kuvu inakufa. Sumu inabaki."

"Yakipikwa pombe?"

"Inabaki."

"Tukiwapa ng'ombe?"

"Sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Unaipata tena asubuhi kwenye chai."

Mzee aliyejibu kwanza aliguna. "Sasa bwana afya, umetufungia milango yote. Dirisha liko wapi?"

Watu walicheka, naye pia alicheka. Kisha akataja dirisha lenyewe, na halikuwa kubwa: kuanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, kukausha mpaka punje ilie kati ya meno, kuweka magunia juu ya kichanja, kuchambua, na yaliyooza kuyafukia. Alisema pia kwamba watoto wachanga wapelekwe kuchanjwa, kwa sababu katika chanjo za zahanati ilikuwa imeingia na ile ya homa ya ini, na homa hiyo nayo huleta saratani. Nikatembea kurudi nyumbani nikiwa sina haraka kabisa ya kufika.

Baba yetu alikufa kwa ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, na daktari wa hospitali alituambia ni saratani. Majirani walisema ni laana ya mpaka wa shamba. Mama hakusema lolote, alimuuguza tu.

Nilimkuta akiosha mitungi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kwa mpangilio kama nilivyoyasikia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimepika pombe kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Na huyo bwana afya wako, amewahi kupika hata uji?"

"Sijui, aayo," nilisema. Kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

"Basi kamuulize. Halafu uje."

Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga randa mbao karibu, alicheka. "Kaka akitoka kwenye mkutano lazima arudi na ugonjwa. Mwaka jana vyoo, mwaka huu pombe. Mwakani watakataza kupumua."

Mama alikuwa ameacha kuosha. Alishika mtungi kwa mikono miwili, akauliza bila kunitazama, "Baba yenu alikunywa pombe yangu miaka yote. Unasema ni mimi?"

Swali hilo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. Nilimwambia sijui, na huo ulikuwa ukweli. Alitingisha kichwa, akaweka mtungi chini, akaenda kutafuta kitenge chake kizuri. "Tutakwenda pamoja kesho," alisema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Kesho yake tulimkuta bwana afya nje ya zahanati akinywa chai. Alikuwa kijana, akasimama na kumwambia mama shikamoo. Mama aliitika marahaba na hakukaa alipopewa kiti.

"Mwanangu anasema moto hauui sumu," alisema. "Mimi nataka kujua kwa nini. Moto unaua kila kitu."

Bwana afya alianza kueleza kwa maneno ya darasani. Mama alimsimamisha kwa mkono. "Ngoja. Nikichemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki chini ya sufuria, mama."

"Ndivyo ilivyo hii?"

"Ndivyo ilivyo."

Kisha mama akamwambia habari za baba, kwa ufupi, tumbo na macho na maneno ya daktari, na akauliza swali lilelile. Bwana afya aliweka kikombe chini. Alisema ini huharibiwa na mambo mengi: virusi vya homa ya ini, ulevi wa miaka, sumu ya kuvu, na mengine. "Mama, sina kipimo cha kurudi nyuma," alisema. "Nikikuambia ni wewe nitakuwa mwongo. Nikikuambia si wewe nitakuwa mwongo vilevile. Ninachojua ni cha mbele."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na sijapata jibu la haki kuliko lile. Mama alimshukuru. Njiani alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani. Hapo akasema, "Pombe itapikwa ya mahindi mazuri. Magunia mawili."

Nilijua maana yake kabla mdogo wangu hajaipigia hesabu. Bati moja lilikuwa elfu sita. Magunia mawili yalikuwa mabati matano, na mabati matano yalikuwa chumba kizima, kile kidogo kuliko vyote.

"Chumba kimoja kibaki cha nyasi?" mdogo wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aayo, wakwe niliwaambia bati. Sikuwaambia bati na nyasi."

"Waambie mama yako ndiye aliyekula mabati."

"Tununue basi pombe kwa watu."

"Nao wanapika kwa mahindi gani?" mama alimuuliza.

Mdogo wangu alinigeukia mimi. "Haya yote ni mkutano wako."

"Ni kweli," nilisema.

"Watu watakunywa na hawatajua tofauti. Wamekunywa miaka yote."

"Ndiyo sababu," mama alisema, akaingia ndani kuloweka mahindi.

Mdogo wangu hakuzungumza nami siku mbili. Simlaumu. Aliyepaswa kuingia nyumba hiyo ni mchumba wake, na aliyepaswa kusimama mbele ya wakwe ni yeye. Lakini siku ya tatu nilipochukua jembe kwenda kuchimba shimo nyuma ya zizi, alikuja na sepetu bila kuitwa. Tulichimba mpaka kiunoni.

Tulikuwa tumemwaga gunia la kwanza wakati jirani yetu, bibi mmoja mjane anayeishi chini ya mteremko, alipokuja akikimbia kadiri miguu yake ilivyomruhusu. Kichwani alikuwa na beseni tupu. Nadhani alikuwa ameona kutoka kwake rangi ya mahindi yakimwagika.

"Mmepata wazimu?" alisema. "Mnazika chakula?"

"Shikamoo bibi," tulisema.

"Sitaki shikamoo yenu. Nipeni mimi."

Mama alitoka ndani. Walikuwa marafiki tangu walipoolewa, na hawakuwa wamewahi kunyimana kitu. Bibi aliweka beseni chini mbele yake. "Kama wewe hutaki, mimi nataka. Nitaosha. Nitapika pombe kidogo, niuze, ninunue sabuni."

"Siwezi kukupa haya," mama alisema.

"Umeninyima?"

"Nimekunyima."

Nimeona mambo mengi magumu maishani, lakini kumwona mama yangu akimnyima mjane mahindi mbele ya shimo lenye mahindi ni mojawapo ya magumu zaidi. Bibi alisimama akitazama shimo. Mama aliinama, akachukua beseni, akaingia ndani. Alirudi nalo limejaa mahindi meupe, akamimina kwenye gunia tupu, akarudi tena ndani na beseni, na tena, mpaka lilipotimia debe moja. Akamweleza habari ya chumvi na sufuria. Bibi alisikiliza. Mwishowe alishika punje moja ya kijani, akaitazama, akaitupa shimoni kwa hasira, kana kwamba imemtukana.

"Mngesema mapema," alisema. "Nyumbani nina nusu gunia la hivi."

Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kulibeba. Shimo lilitosha.

Jumamosi mchuuzi alirudi, akakuta magunia tisa mazima na moja pungufu badala ya kumi na mawili. Aliuliza yale ya ndevu yako wapi. Mdogo wangu akamwonyesha udongo mpya nyuma ya zizi. Mchuuzi aliutazama muda, akasema, "Ninyi ni matajiri," na hakuwa anatania kabisa.

Siku ya kuezeka kitongoji chote kilikuja. Waliokuwa hawanywi, wale waliookoka, walipewa togwa, na mama alihakikisha nayo imetoka kwenye mahindi yaleyale mazuri. Wengine walikaa kwenye majani baada ya kazi, vibuyu vikazunguka. Mzee mmoja, fundi wa kusifu na kukosoa pombe, alikunywa, akangoja, akanywa tena.

"Hii imebadilika," alisema. "Ule uchungu wa mwishoni uko wapi?"

"Uko nyuma ya zizi," mdogo wangu akajibu.

Watu waliangua kicheko bila kuelewa, na mama akaona kwamba ndiyo nafasi. Si mtu wa hotuba. Alisimama na kata mkononi, akawaambia kwamba pombe aliyokuwa akiwapa miaka yote ilitokana na mahindi ambayo yeye mwenyewe asingempa mchuuzi, na kwamba hawataipata tena kwake. Akasema nyumba ile wanayoiona ina chumba kimoja cha nyasi, na sababu ni hiyo wanayokunywa. Hakuomba radhi wala hakulia. Alisema tu, kama mtu anayetangaza bei, akakaa.

Kwa muda hakuna aliyenyanyua kibuyu. Kisha mzee yule akasema, "Basi nimekunywa bati," akanyanyua cha kwake. Watu wakacheka, safari hii wakijua wanacheka nini. Lakini niliona wanawake watatu, wapika pombe kama yeye, wakisogea na kukaa karibu na mama, na hawakuwa wakicheka. Walikuwa wanauliza.

Wakwe walikuja baada ya mwezi. Baba mkwe alizunguka nyumba, akasimama chini ya paa la nyasi, akauliza. Mdogo wangu alimweleza yote, na mzee yule, mfugaji kutoka upande wa Gehandu ambaye shamba lake la mahindi ni dogo na ng'ombe wake ni wengi, aliuliza kitu kimoja tu: ni kweli sumu inatoka kwenye maziwa? Alipoambiwa ndiyo, akasema binti yake ameingia kwenye nyumba ya watu wenye akili. Harusi ilifanyika, na chumba cha nyasi ndicho walichokiweka wageni kulala, kwa sababu kilikuwa na joto kuliko vyumba vya bati.

Mavuno yaliyofuata nilihesabu maturubai kwa macho tu nikipita njiani, na nilikoma kuhesabu kabla ya kufika barabarani. Vichanja vilijengwa kwa miti ya mikaratusi. Kamati ya zahanati iliweka utaratibu kwamba anayeita watu kwa kazi ya pombe awaonyeshe kwanza mahindi yake kabla hayajalowekwa, na utaratibu huo, ambao haukuandikwa na serikali yoyote, unafuatwa hadi leo. Mwanamke anayepika hutoa kiganja cha punje, anaweka kwenye ungo, na jirani yeyote anaruhusiwa kupita na kuangalia. Wageni kutoka mjini huona kama dharau. Sisi tunaona ni heshima. Siwezi kusema ni watu wangapi wameepuka saratani kwa sababu ya ungo ule. Anayekingwa hajui kwamba amekingwa, wala hahudhurii zahanati kushukuru. Lakini nimeishi katika kitongoji ambacho watu walikubali kuzika chakula kwa sababu ya ini la jirani, na hilo nalitaja mbele ya yeyote bila kuinamisha kichwa.

Bwana afya alirudi mwaka uliofuata. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano, akampa mama kiti cha mbele, akaomba nyumba yetu ieleze wengine kutoka vitongoji vya jirani. Mama alieleza habari ya chumvi. Mtu mmoja kutoka nyuma, mwenye kofia ya kuchekesha na sauti ya kupinga, alisema kwamba maneno ni rahisi, na akauliza hasara yenyewe ilikuwa kiasi gani, maana watu wa Tlawi wanapenda kujisifu kwa vitu vya bure.

Mama hakuwahi kupiga hesabu hiyo. Nilianza kusimama, lakini mdogo wangu alikuwa ameshasimama. Alinyoosha mgongo kama mtu anayetaja mahari aliyoitoa yote bila kubakiza deni. Alitaja magunia matatu ya kuvu kwa bei ya mchuuzi, magunia mawili yaliyopikwa, na debe la bibi, yaani sehemu ya sita ya gunia. Kisha akataja jumla, polepole, ili mwenye kofia asikie vizuri: shilingi elfu arobaini na saba na mia tano.